Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu, afya na makanisa mkoani Dodoma: mafunzo yatufuate kazini

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Afisa Elimu Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa wa Dodoma, pamoja na baba maaskofu na viongozi wa makanisa yetu.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino, na ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu. Mdogo wangu ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ya kijiji jirani. Kwa hiyo jioni tukikaa pamoja, habari zetu ni za darasani, za leba na za kanisani. Kila mmoja alikuwa akilalamika kivyake, mpaka tukaona kwamba lalamiko letu ni moja. Tunaitwa semina, tunakwenda, tunarudi, na baada ya hapo haji mtu kuangalia kama tulichofundishwa kimeingia kwenye kazi au kimebaki kwenye daftari.

Ombi langu nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta. Mafunzo yafanyike pale tunapofanyia kazi, yawe mafupi na ya mara kwa mara, na awepo mtu anayerudi kutuona tukifanya.

Nianze na semina yenyewe kwa sababu ndiyo tunayoijua wote. Barua inafika shuleni ikitaka mwalimu mmoja au wawili. Wanakwenda mjini, wanakaa ukumbini siku mbili tatu, wanaonyeshwa slaidi, wanaandika kazi za vikundi kwenye bango kitita, wanapiga picha ya pamoja, wanasaini posho, wanarudi. Mwalimu mkuu anawaomba watoe mrejesho. Mrejesho unawekwa mwishoni mwa kikao cha walimu, baada ya ajenda ya chakula cha wanafunzi na ajenda ya matokeo ya mtihani, na unapewa robo saa wakati watu wameshachoka. Jambo lililomchukua mwezeshaji siku tatu kulieleza, akiwa na vifaa vyote, linatakiwa liwaingie walimu waliobaki shuleni kwa robo saa.

Siwalaumu wawezeshaji. Nimefundishwa na watu wanaoijua kazi yao kwelikweli, na mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 tuliwahitaji sana. Lakini ukumbini hakuna watoto themanini. Hakuna madawati yanayokaliwa na watoto wanne wanne, wala mtoto aliyefika bila kula. Mwalimu akikwama Alhamisi saa nne asubuhi katikati ya somo la kusoma, mwezeshaji wake ameshahamia mkoa mwingine na kundi jingine. Mkulima wa zabibu pale Hombolo hufundishwa kupogoa akiwa shambani, mkasi mkononi, aliyemtangulia akiwa amesimama pembeni yake. Sisi kazi yetu ni ngumu kuliko kupogoa, na tunafundishwa tukiwa mbali nayo.

Ushahidi kwamba jambo hili linagusa uhai wa watu hatuhitaji kuufuata mbali. Jirani zetu wa Manyara wanayo Hospitali ya Haydom, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, wilayani Mbulu. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja yajulikanayo kama Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua akizaliwa. Miezi kadhaa baadaye walipimwa kwa mdoli wa mazoezi, wakaonekana wameshika vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Watafiti wakaenda mbele zaidi, wakaangalia kinachofanyika leba kwa watoto wenyewe. Huko hakuna kilichobadilika. Waliokuwa wanafaulu kwa mdoli ndio hao hao waliokuwa zamu, lakini mtoto aliyezaliwa hapumui hakuwa akihudumiwa vizuri zaidi kuliko zamani.

Nawaomba mkae na habari hiyo kidogo. Kama taarifa ingeishia kwenye idadi ya waliofundishwa na alama zao, kazi ingeandikwa kuwa imekamilika na fedha kuwa zimetumika vema. Haydom hawakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2011 walileta mazoezi ya dakika chache tu, ya kila wiki, palepale wodini, mdoli ukiwa karibu na mahali watoto wanapozaliwa, na zoezi refu kidogo mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000.

Baadaye njia hiyo ilipanuliwa. Mpango wa Safer Births, wenye mazoezi hayo ya kila wiki pamoja na vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kumpa hewa, ulipelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Dodoma haikuwemo katika mikoa ile mitano. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kwetu watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Basi Mganga Mkuu wa Mkoa, hatuna sababu ya kusubiri mradi ndipo tuanze.

Mdogo wangu na mwenzake hawakusubiri. Jumatatu asubuhi, kabla akina mama wa kliniki hawajajaa kwenye benchi, wanaweka mdoli mezani. Mmoja anashika simu na kuhesabu muda, mwingine anafanya kama mtoto amezaliwa sasa hivi na halii. Anamkausha, anamsugua mgongo, anaangalia kama kuna uchafu mdomoni, anachukua ambu, yaani kifuko cha kupulizia hewa, na barakoa, anaanza kumpa hewa. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu, kwa sababu mtoto asipoanza kupata hewa ndani ya dakika moja hali yake inaharibika haraka. Zoezi la kwanza liliwaonyesha jambo ambalo semina yoyote isingeliona. Barakoa ndogo ya watoto wachanga ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo ulikuwa na mtu ambaye siku hiyo hakuwa zamu. Ujuzi walikuwa nao. Kilichokosekana ni barakoa kuwa mahali pake. Sasa ambu na barakoa zimetundikwa ukutani juu ya meza ya mtoto, na anayeingia zamu anazikagua kabla hajavaa aproni.

Hilo ndilo naliita kujifunza kazini. Halikugharimu posho ya mtu yeyote. Lilihitaji mdoli, simu, watu wawili wanaoaminiana na mganga mfawidhi aliyewaruhusu waanze kliniki kwa kuchelewa robo saa. Naomba kila zahanati na kituo cha afya kinachozalisha kiwe na mdoli wake, ukae leba na si stoo, na mtu mmoja apewe rasmi jukumu la kusimamia zoezi la wiki, liandikwe kwenye ratiba ya zamu kama yanavyoandikwa majukumu mengine. Mabaraza ya taaluma yanadai alama za mafunzo endelevu ili muuguzi ahuishe leseni yake, nayo ni sawa. Basi zoezi la wiki lihesabiwe katika alama hizo. Muuguzi wa zahanati ya pembezoni asilazimike kuacha kituo na mtu mmoja ili akatafute alama ukumbini.

Nije kwetu shuleni. Afisa Elimu Mkoa, hapa sina haja ya kuomba sera mpya. Sera ipo na ni nzuri. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanasema wazi kwamba walimu wajifunze shuleni kwao, katika jumuiya za ujifunzaji, wakisaidiwa na moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kisha wakutane na shule jirani kwenye kituo cha walimu. Wenzetu wa Japani wamefanya hivyo kwa vizazi: walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa nyuma na kuangalia, baadaye wanalijadili na kulifanya upya. Zambia waliianza njia hiyo mwaka 2005 katika mkoa wao wa kati. Na Dodoma si wageni wa kuletewa nguvu mpya, maana mradi wa elimu wa EQUIP-T ulipita hapa na sasa mradi wa Shule Bora upo hapa.

Kinachotukwamisha ni saa. MEWAKA inapangwa Jumatano saa nane mchana. Jumatano hiyo hiyo kunaitwa kikao cha dharura, au takwimu zinatakiwa wilayani kabla ya saa kumi, au mgeni anakuja na walimu wapokee. Baada ya wiki chache watu wanazoea kwamba saa ya kujifunza ndiyo saa inayoweza kuahirishwa. Mahudhurio yanajazwa kwenye daftari, mada inaandikwa, na kikao hakijafanyika. Nimeyaona kwa macho katika shule zaidi ya moja, na sitazitaja, kwa sababu walimu wale si wavivu. Walikuwa wanajibu kile walichoulizwa, na walichoulizwa ni daftari la mahudhurio.

Lakini kikao kikifanyika kweli, matunda yake ni makubwa. Mwenzangu wa darasa la kwanza aliniomba nikae nyuma ya darasa lake kipindi kizima cha kusoma. Hakutaka nimpe maksi. Alitaka nichore ramani ya madawati na kuweka alama kila anapomuuliza mtoto swali. Mwisho wa kipindi tukaiangalia karatasi. Alama zilirundikana kwenye safu mbili za mbele na upande wa dirishani. Nyuma kabisa kulikuwa na watoto wanaozungumza Kigogo tu nyumbani, ambao Kiswahili wameanza kukisikia kwa wingi shuleni. Kwao hapakuwa na alama hata moja. Mwalimu yule anawapenda watoto wake na huwa anafika mapema kuliko wengi wetu. Hakuna ambaye angemwambia jambo hilo kwa maneno akalikubali, lakini karatasi aliiona mwenyewe.

Tukashauriana palepale. Akaandika majina ya watoto wote kwenye vijiti, akaviweka kwenye kopo la maziwa, akawa anachomoa kijiti ndipo anauliza. Pia akawapa watoto muda wa kusema jibu kwa mwenzao wa pembeni kwa lugha yoyote kabla ya kulisema mbele ya darasa. Wiki iliyofuata nikarudi na ramani mpya. Alama zilikuwa zimesambaa darasa zima. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye daftari lake lilionyesha kama hajui kitu, alisoma silabi zote ubaoni bila kukosea.

Wapo wanaopangiwa mbali zaidi ya hapo. Mwalimu kijana kutoka Kagera au Mbeya anapangiwa Farkwa, wilayani Chemba, darasa limejaa watoto wa Kisandawe, lugha ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake. Chuoni hakufundishwa jambo hilo na semina ya wilaya haitalifikia. Anahitaji mwenzake wa shule ileile aliyeshinda tatizo hilo mwaka juzi, na anahitaji saa ya kukaa naye.

Kwa hiyo naomba saa moja tu kwa wiki, iandikwe kwenye ratiba kuu ya shule, na ninyi wenyewe muwe wa kwanza kuiheshimu. Toeni waraka kwamba saa hiyo hakuna takwimu itakayoombwa, hakuna kikao kitakachoitwa, hakuna ziara. Na maafisa elimu kata waacheni wafanye kazi ya taaluma. Walipewa pikipiki ili wafike madarasani, lakini muda wao mwingi unaliwa na kukusanya taarifa na kusambaza barua. Afisa elimu kata akikaa nyuma ya darasa, akaongea na mwalimu baada ya kipindi, kisha akarudi baada ya wiki mbili kuona lile walilokubaliana, huyo ameshafanya zaidi ya semina nzima. Kurudi ndiko kunakokosekana.

Wala tusidhani njia hii ni ya kigeni. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, na ili kila mtoto apate shule, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa ualimu wakiwa vijijini kwao, huku wakifundisha, wakijifunza kwa posta na redio na kwa kukutana na walimu waliowatangulia. Mapungufu yalikuwepo na wazee wetu wanayakumbuka. Lakini mtu alijifunza asubuhi jambo alilolitumia mchana, na wapo walimu wakuu waliotulea sisi ambao walipitia mlango huo.

Baba maaskofu, nanyi nawaandikia kwa heshima na kwa uchungu. Tunavyo vyuo. Msalato ipo, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kipo, na madhehebu mengine yana vyuo vyao vya biblia. Wachungaji wetu wengi wamesoma. Lakini mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na Jumapili nyingi anayesimama mbele ya waumini ni mwinjilisti au katekista. Huyo alipata kozi yake zamani, na tangu hapo anaitwa kwenye mkutano mkuu kutoa taarifa ya sadaka na idadi ya waliobatizwa. Hakuna anayemsikiliza akihubiri kwa nia ya kumsaidia ahubiri vizuri zaidi. Hakuna anayemuuliza ilikuwaje alipopatanisha ile ndoa, au alisema nini kwenye msiba wa mtoto.

Na kazi yake ni nzito kuliko tunavyoifikiria. Mwinjilisti ndiye wa kwanza kugongewa mlango usiku. Analetewa kijana mwenye kifafa aombewe. Analetewa mama aliyejifungua wiki iliyopita ambaye sasa halali, anaongea peke yake na hataki kumshika mtoto wake. Mwinjilisti wetu anaomba, na mimi naamini katika maombi yake. Lakini hakuna aliyewahi kukaa naye kumweleza kwamba hali ya yule mama ni ugonjwa unaotibika, kwamba zahanati ni hatua ya kwanza, na kwamba Mirembe, iliyopo hapa hapa Dodoma, ni hospitali ya wagonjwa wa akili ambao wengi hupona wakarudi kwao. Akilijua hilo, maneno yake mbele ya familia yatasikilizwa kuliko maneno ya nesi, kwa sababu wanamwamini. Asipolijua, siku zinapita mama akiwa kwenye mkeka.

Kwa hiyo naomba kanisa nalo lifanye kama nilivyoomba kwa wengine. Wainjilisti wa mitaa jirani wakutane wawili watatu, wasikilizane mahubiri, waambiane ukweli kwa upendo. Mchungaji akifika mtaani asiishie mezani na kitabu cha mapato. Akae benchi la nyuma, amsikilize mwinjilisti wake, kisha watembee pamoja kwenda kumwona mgonjwa, mwinjilisti akiongoza. Na tafadhali, mikutano ya kujifunza isipangwe Januari na Februari. Wengi wa watu hawa hawana mshahara, wanaishi kwa shamba la mtama, uwele na karanga, na mvua yetu ni moja kwa mwaka. Mwinjilisti akiacha palizi kwenda kozi ya wiki mbili, watoto wake ndio watakaolipa. Baada ya mavuno mtawapata wote.

Zamani misheni ya Mvumi, kama ilivyokuwa Mpwapwa na Kongwa, iliweka kanisa, shule na tiba jirani jirani, na waliofanya kazi humo walijua habari za wenzao. Leo katika kata yetu vitu hivyo vitatu bado viko umbali wa kutembea kwa miguu, lakini kila kimoja kina mkubwa wake, semina zake na taarifa zake. Hapa Dodoma tunalijua vizuri tatizo la trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, maana Kongwa imefanyiwa utafiti na kampeni tangu miaka ya 1980. Mwalimu ndiye anayemwona kila siku mtoto mwenye macho mekundu yenye tongotongo, na ndiye anayedhani mtoto yule hajui kusoma kumbe haoni ubao. Nesi ndiye anayejua dalili na dawa. Mwinjilisti ndiye anayeingia nyumba ambazo mwalimu na nesi hawafiki, na akisema watoto wanawishwe uso kila asubuhi, bibi wa nyumba atasikia. Watu hao watatu hawajawahi kukalishwa chumba kimoja wakafundishana. Mara moja kwa muhula ingetosha kwa kuanzia, kwenye darasa tupu mchana, na kila mmoja aje na jambo moja linalomshinda.

Kuna jambo la hofu ambalo msipoliondoa, mengine yote hayatashika. Mwalimu akimwona mtu amekaa nyuma ya darasa na karatasi, anajiuliza barua ya kujieleza itakuja lini. Mkunga akiitwa kwenye kikao cha kujadili kifo cha mama au mtoto mchanga, anaingia akiwa ameshajiandaa kujitetea. Mwongozo wa vikao hivyo unasema visiwe vya kutafuta wa kumlaumu, na unasema hivyo kwa sababu mtu anayeogopa hasemi ukweli, na bila ukweli hamtajua kama kilichoua ni kuchelewa kwa gari, kuisha kwa damu, au ufunguo wa kabati. Tenganisheni anayetusaidia kujifunza na anayetuadhibu. Palipo na uzembe wa kweli au unyanyasaji, sheria ifuate mkondo wake, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini karatasi ya ramani ya madawati isiingie kwenye faili la nidhamu la mwalimu aliyeomba mwenyewe achorewe.

Na posho. Najua inasemwa maofisini kwamba walimu na wauguzi hawataki mafunzo ya kituoni kwa sababu hayana posho. Tuliseme waziwazi. Mtumishi wa ngazi ya chini anayedaiwa ada na kodi ya nyumba anaihesabu posho ya semina, na hilo si dhambi yake. Ila sisi wengi tungependelea fedha hiyo ifanye kazi. Chukueni bajeti ya semina moja kubwa ya mjini, muigawe kwenye vituo: chai na mihogo ya kikao cha Jumatano, bando la kufungulia moduli za TET ambazo sasa mwalimu anazisoma kwa vocha ya mfukoni mwake, mafuta ya pikipiki ya anayezunguka kusaidia. Kisha kazi hiyo ionekane kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ili mwalimu aliyemsaidia mwenzake kwa mwaka mzima apimwe kwa hilo na apandishwe cheo kwa hilo.

Mnapotuma fomu za taarifa, badilisheni swali. Fomu za sasa zinauliza wangapi wamefundishwa. Ulizeni ni kitu gani kimebadilika katika kazi, na nani alikwenda kukiona. Mkituuliza hivyo, mwalimu mkuu ataitunza saa ya Jumatano, mganga mfawidhi atauleta mdoli kutoka stoo, na mchungaji atakaa benchi la nyuma, kwa sababu hakutakuwa na namna nyingine ya kulijibu swali lenyewe.

Hatuombi mkoa mzima uanze kesho. Chagueni kata chache, moja Chemba, moja Mpwapwa, moja hapa kwetu, na muziangalie kwa mwaka mmoja. Halmashauri zitakaa kupanga bajeti ya mwaka ujao wa fedha kabla ya Machi. Tunaomba jibu la maandishi kupitia ofisi ya kata kabla ya vikao hivyo, hata kama jibu ni hapana, ili tujue la kufanya. Na kabla ya kujibu, tunawakaribisha. Kutoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hadi kwetu ni barabara ya lami, mtafika kabla ya saa moja kuisha. Njooni Jumatatu asubuhi zahanati, au Jumatano saa nane shuleni. Hatutaandaa wimbo wa kuwapokea wala chakula maalumu. Tutawapa kiti cha nyuma na karatasi yenye ramani ya madawati.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma

Nakala: maafisa elimu kata, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wachungaji wa mitaa.